Saa Tano ya Baba

Nilimwahidi mama kwamba kabla msimu wa Juni haujafunguka baba atakuwa analala usiku kucha, na kwamba nitalifanikisha hilo bila kidonge hata kimoja. Niliahidi nikiwa na kisu mkononi, kwa kuwa tulikuwa jikoni tunamenya ndizi za kiburu, chakula chetu cha ndizi na maharage, na utomvu ulikuwa umenigandia vidoleni. Mama hakuinua uso. Alisema, "Haya, nimesikia," kwa sauti ile ile anayomjibia mnunuzi wa maziwa anapoapa kwamba kesho atawahi.

Baba ni mwongoza watalii. Alianza kupanda mlima kabla sijazaliwa, kwanza akiwa mpagazi, baadaye msaidizi, hatimaye kiongozi wa msafara. Usiku wa kwenda kileleni msafara huamshwa saa tano, hunywa chai, na saa sita huanza kutembea ili ufike juu jua linapochomoza. Kiongozi huamka kabla ya wote. Baba ameamka hivyo mara nyingi mno, hata mwili wake umeijua saa tano kama nyayo zinavyozijua ngazi za nyumba ya kuzaliwa. Akiwa nyumbani, katika kitanda chake, chini ya bati lake mwenyewe, saa tano ikifika macho yake hufunguka. Usingizi hurudi kwenye saa kumi, na saa kumi na moja ng'ombe wameshaanza kulia wakitaka kukamuliwa.

Kwa miaka mingi jambo hilo lilikuwa la kuchekwa. Mwanzoni mwa mwaka huu likaacha kuchekesha. Akiwashusha wageni wawili, baba aliwapumzisha kwenye mawe wanywe maji, naye akasinzia akiwa ameketi. Mgeni mmoja akadhani ameruhusiwa kutangulia, akatembea peke yake ndani ya ukungu, mpaka mpishi wa msafara alipokutana naye kwenye njia isiyo yake. Hakuna aliyeumia. Lakini mkuu wa waongozaji, ambaye kwa umri ni mdogo kuliko baba, alimwita pembeni na kuzungumza naye kwa heshima. Apumzike masika yote. Juni watapanda wao wawili tu hadi kambi ya kwanza, walale, na kurudi kesho yake. Akimwona anasinzia popote pasipo kitanda, basi mlima umemwishia.

Baba alituhadithia hayo mezani kama kichekesho, akiigiza sauti ya mgeni anayemwita ukunguni. Mimi nilicheka. Mama alianza kukusanya sahani ambazo zilikuwa bado na chakula.

Ninapaswa kueleza kwa nini nilijiona mtu wa kuahidi. Nilikuwa nimehitimu chuo mwaka uliotangulia, stashahada ya afya ya jamii, nami nilikuwa najitolea katika zahanati moja mjini Moshi. Siku za kliniki nilisimama mbele ya mabenchi na kufundisha juu ya lishe, maji safi na usingizi. Niliamini, na bado naamini, kwamba mtu hana haki ya kuwafundisha watu wa mabenchi jambo ambalo hajalijaribu nyumbani kwake. Na nyumbani kwangu, upande wa pili wa ukuta wa mbao, kulikuwa na mtu asiyelala.

Nilianza kwa kutazama. Nilinunua daftari, na kwa muda wa wiki moja niliandika kila nilichokiona na kukisikia. Miguu ndiyo iliyonishangaza zaidi. Mama alinieleza kwamba baba akiamka, kabla hajafumbua macho vizuri, miguu yake hutoka kitandani na kupapasa sakafu ikitafuta buti. Akizigusa huketi. Kisha huenda dirishani kuangalia kama mlima uko wazi. Kisha huchukua simu, kwa sababu wenzake wachache wanaopanda hata nyakati za mvua hutuma ujumbe kwenye kundi lao: "Tumeanza." Naye hujibu: "Nendeni salama. Upepo ukizidi, rudini." Baada ya hapo hawezi tena kulala, kwani yuko njiani pamoja nao, na anajua kila kona waliyofika.

Pembeni mwa daftari niliandika maswali. Je, mwili huijua saa kwa mwanga, kwa tumbo, au kwa mazoea tu? Kwa nini usingizi umpate kwenye kochi saa kumi jioni na umkimbie kitandani saa tano usiku? Na mwishowe: kwa nini mtu huyu huyu, kama asemavyo mwenyewe, alale vizuri mlimani, kwenye baridi na juu ya mawe, siku zote zisizo za kileleni? Swali hilo la mwisho nililipigia mstari. Kisha, kwa haraka ya kijana aliyefaulu mitihani, nikaliacha hapo na kuandika ratiba.

Niliiandika kwa wino wa rangi mbili, nikaibandika ukutani kando ya kalenda ya kanisa. Chakula cha jioni saa kumi na mbili na nusu. Kahawa mwisho saa nane mchana. Kochi marufuku mchana. Simu izimwe saa mbili. Saa tatu kitandani, kila siku, hata Jumapili. Hayo yote nilifundishwa, na sina sababu ya kuyakana. Lakini niliongeza jambo langu mwenyewe ambalo halikutoka chuoni: kazi zote za jioni nitazifanya mimi, na baba atatulia.

Kazi hizo si nyingi. Ni kuwakatia ng'ombe wetu wawili vigogo vya migomba, kuwatupia majani ya mpunga ambayo lori hutuletea kutoka Mabogini, kufunga lango la banda, na, jioni mbili kwa wiki, kuinua ubao wa mfongo, mfereji wetu wa kijiji, ili maji ya zamu yetu yaingie kihambani, shamba letu la nyumbani, kwenye migomba na kahawa. Huku kwetu kijana aliyemaliza chuo akionekana ameketi huku baba yake ameshika panga bandani, wapita njia huona, na wakifika wanakokwenda husema. Nilikuwa nimeona aibu hiyo kwa muda mrefu. Sasa sayansi ilinipa ruhusa ya kuiondoa.

Baba alivaa miwani, akaisoma karatasi yote kwa kidole.

"Hapa pameandikwa kutulia," alisema. "Kutulia ni kufanya nini?"

"Ni kukaa tu, baba. Bila kazi."

"Kukaa tu, kuanzia saa moja mpaka saa tatu."

"Ndiyo, baba."

"Hata mfungwa hupewa ufagio," alisema, akairudisha miwani mfukoni. Huko jikoni mama aliangua kicheko, kisha akakohoa ili kukificha.

Hata hivyo alitii. Alitii kama mgeni anavyomtii yeye mlimani, bila kuuliza tena. Alikula mapema, akaiacha kahawa, akazima simu. Saa moja alikuwa kwenye kiti, mikono juu ya magoti, akiutazama mlango. Kila nilipoingia na panga aliniuliza.

"Yule mwekundu amekunywa maji?"

"Amekunywa."

"Umefunga komeo la juu tu, au na la chini?"

"Yote mawili, baba."

"La chini linanasa," alisema, kana kwamba anazungumza na magoti yake.

Baada ya wiki mbili hali ilikuwa mbaya kuliko mwanzo. Sasa aliamka saa nne, na siku nyingine hakulala kabisa. Nilipekua daftari nikitafuta kosa lake. Je, alikunywa kahawa kwa siri? Je, alisinzia mchana nilipokuwa zahanati? Sasa ninapoyasoma maswali hayo naona kwamba yote yalimhusu yeye. Hakuna hata moja lililonihusu mimi.

Mama alinifuata siku moja mtoni nilipokuwa nafua. Alinieleza kwamba jirani yetu ana vidonge alivyopewa hospitali baada ya kufiwa, na yuko tayari kutugawia.

"Dawa ya mtu mwingine haigawiwi, mama. Na zile huzoeleka."

"Najua huzoeleka. Lakini na kutolala nako kumezoeleka."

"Ratiba inahitaji muda."

"Uliniahidi mimi," alisema. "Hukuiahidi karatasi."

Aliinua ndoo yangu iliyojaa nguo, akaondoka nayo. Nilibaki na sabuni mkononi, na swali lile nililolipigia mstari likanirudia.

Mtu wa kulijibu nilimfahamu. Mpishi wa msafara wa baba, yule aliyemwokota mgeni ukunguni, huuza viatu vya mitumba sokoni Kiboriloni wakati ambapo mlima hauna kazi. Nilimkuta amekaa juu ya gunia, akifunga viatu jozi kwa jozi kwa kamba zake.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, msomi. Umekuja kununua au kuuliza?"

"Kuuliza."

"Basi kaa chini. Ukisimama hivyo na daftari lako wateja watadhani ni afisa wa soko."

Niliketi. "Baba akiwa mlimani analala saa ngapi?"

"Meku?" Ndivyo wenzake wanavyomwita kwa Kichagga, yaani mzee. "Huyo analala kabla sijamaliza kusugua sufuria."

"Kwenye baridi ile?"

"Tumelala hema moja miaka mingi, sihadithiwi. Anakoroma kama mashine ya kukobolea kahawa. Kuna mgeni aliniuliza kwa wasiwasi kama ni mnyama, nikamwambia ndiyo, lakini amefungwa."

"Kabla ya kulala hufanya nini?"

Alifikiri huku akivuta kamba. "Anakula na wageni. Wakimaliza anawaambia mambo ya kesho: tutaamka saa fulani, tutatembea saa fulani, njia ina mawe, vaa hivi. Hata kama wanajua, anawaambia. Kisha anazunguka."

"Anazunguka wapi?"

"Hema kwa hema. Kichwa kinauma? Umekunywa maji? Soksi kavu unazo? Akimaliza wageni anakuja kwetu na kwa wabeba mizigo, maswali yale yale. Asiyejibu anafunguliwa zipu, atazamwe. Wa mwisho huwa ni mimi. Nikishasema niko salama, Meku hayupo tena duniani."

"Na asipozunguka?"

"Safari moja alikuwa na homa, msaidizi akazunguka badala yake. Hakulala. Kila mara ananiuliza, yule mama wa hema la mwisho amejibu? Namwambia amejibu. Amejibuje? Nikamwambia, Meku, amejibu kwa mdomo." Alicheka, akaitupa jozi kwenye rundo. Kisha akanitazama. "Na huko nyumbani anazunguka wapi?"

Nilifunga daftari. Nilikuwa nafikiria komeo la chini.

Kipande cha mwisho cha njia nilikipanda kwa miguu, na sikufungua daftari. Miaka yote baba alikuwa amezunguka mbele ya macho yangu. Nilikuwa nikiuona mzunguko huo kama kazi ya kumpunguzia mzee ili apumzike, wala sikuwahi kuutambua kuwa ndiyo njia yake ya kwenda kitandani. Ulikuwa mlango wa mwisho uliomwingiza usingizini, na mimi, kwa heshima yangu yote, nikauziba kwa karatasi. Bila mimi alilala angalau mpaka saa tano.

Nilimkuta kwenye kiti, mikono juu ya magoti. Niliweka panga mezani mbele yake.

"Baba, naomba unisamehe."

"Ng'ombe amekukanyaga?"

"Hapana. Nilikuondolea kazi bila kukuuliza. Nataka leo ufunge komeo wewe."

Alilitazama panga, kisha mimi. "Nilikwambia linanasa," alisema, akasimama.

Nilimfuata kwa nyuma, tochi nimeielekeza chini. Nilitaka kuona hasa anachofanya, kwa kuwa kazi ile ile mimi niliimaliza upesi na yeye huchukua muda. Aliweka kiganja juu ya mgongo wa kila ng'ombe na kukiacha hapo mpaka aliposikia anatafuna. Alilisukuma komeo la chini, akalirudisha, akalisukuma tena likaingia. Kwenye mfongo aliinama akasikiliza maji kabla ya kugusa ubao. Aligusa lango. Kila alipomaliza kituo kimoja, mabega yake yalishuka kidogo. Hilo sikulisoma popote.

Karatasi hatukuichana. Saa ya chakula, kahawa, kochi na simu vilibaki kama vilivyokuwa, maana hayo ni kweli kwa baba kama yalivyo kweli kwa watu wa mabenchi. Tulifuta tu neno kutulia na jina langu kando ya kazi za jioni. Kisha tukaongeza mambo yake. Baada ya kula, baba alitutangazia ya kesho: nani atakata majani, maji ni zamu ya nani, mvua itashuka mapema au la. Mama, aliyeyajua yote hayo kuliko yeye, alisikiliza kama mgeni aliyelipa. Wenzake wa mlimani aliwaarifu kwamba baada ya saa mbili hatasoma ujumbe, na simu ikalala kwenye kabati la vyombo. Na mama alikuwa na wazo ambalo mimi wala chuo hatukuwa nalo: alizihamishia buti stoo. Miguu ikipapasa saa tano, isikute kitu.

Jioni ya kwanza, baada ya kuzunguka nje, baba alisimama kwenye mlango wa chumba changu.

"Kichwa kinauma?"

"Hapana, baba."

"Umekunywa maji?"

"Nimekunywa."

"Simu umezima?"

Ilikuwa mkononi mwangu, chini ya blanketi, na mwanga wake ulikuwa unapenya. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nimewahimiza watu wasifanye hivyo. Niliinuka nikaipeleka kabatini kando ya yake. Alinisubiri mpaka niliporudi, ndipo akaenda kulala.

Sitadai kwamba yalikwisha siku hiyo. Wiki nzima aliendelea kuamka saa tano. Nilikuwa nimemwambia asiulazimishe usingizi: aketi kwenye kigoda gizani, apumue polepole, asiende dirishani, arudi kitandani kope zikiwa nzito. Alifanya hivyo. Nilimuuliza huwaza nini pale kigodani, akasema anawahesabu ng'ombe. Nikasema wako wawili tu. Akasema ndiyo maana anamaliza haraka.

Mwishoni mwa Mei nilimuuliza mama, kama kawaida, baba aliamka saa ngapi.

"Sijui," alisema.

"Hukusikia?"

"Nilikuwa nimelala."

Alilisema hilo kwa mshangao mdogo, akaendelea kupepeta maharage. Nilifungua daftari kuliandika, nikagundua kwamba hapakuwa na safu ya mama. Kila baba alipoamka saa tano, kwa miaka hiyo yote, kulikuwa na mtu mwingine aliyekuwa macho kando yake akisikiliza, na mimi nilikuwa nimemfanya mama mtoa taarifa tu.

Juni ilifika. Mama alizitoa buti stoo mwenyewe, akazipangusa. Baba na mkuu wake waliondoka asubuhi, na jioni ile nilichukua panga nikaenda bandani. Niliporudi mama aliniuliza kuhusu komeo la chini, kisha akatoka kwenda kulitazama.

Kesho yake baba alirudi na matope mpaka magotini. Alinawa, akaketi, akala ndizi zote alizowekewa kabla ya kusema lolote. Hatukuuliza mpaka sahani ilipokuwa tupu.

"Ulisinzia?" mama akauliza.

"Aliyesinzia ni yeye. Mkuu mwenyewe. Kambini, kikombe kikiwa mkononi."

"Na wewe?"

"Nilimwondolea kikombe. Kisha nikazunguka."

Alikuwa ameruhusiwa kurudi kazini. Lakini njiani wakishuka, alisema, alimwomba mkuu asimpangie tena safari za kileleni. Atawapeleka wageni wa kambi za chini, na atawafundisha waongozaji vijana. Mkuu alidhani amesikia vibaya. Nami nilidhani hivyo, kwa sababu tulihangaika miezi miwili ili asiupoteze mlima, naye akairudisha nusu yake kwa hiari.

"Kwa nini, baba?"

"Huko juu nimefika vya kutosha," alisema. "Nikianza tena saa tano zile, haya yote ya kwenu yatakwisha kwa safari moja. Wewe ndiye uliyesoma, ulikuwa hulijui hilo?"

Nilikuwa nalijua. Lilikuwa daftarini tangu wiki ya kwanza, nami sikuthubutu kulisema, kwa kuwa sikuwa na haki ya kumwambia mtu aache kilele chake. Mama alinyanyuka akamwongezea ndizi ambazo hakuziomba.

Mpaka leo, mlima ukiwa wazi kabisa, baba huamka saa tano mara mojamoja. Kwa hiyo mimi sijaihesabu ahadi yangu kuwa imetimia. Mama ameihesabu, na aliyeahidiwa ni yeye.

Wewe unayesoma, nina ombi moja. Kama nyumbani kwako kuna mtu asiyelala, muulize jioni ya leo ni jambo gani alizoea kulifanya mwisho kabla ya kwenda kitandani. Kama kuna aliyemwondolea jambo hilo, tafadhali mrudishieni.